Mwanangu anaamka usiku kunywa maji na kukojoa: je, ni kisukari?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Langoni, Amu. Mwanangu wa tatu ana miaka 8. Wiki ya tatu hii haondoki kwenye mtungi wa maji. Usiku anaamka mara tatu au nne kukojoa, na amerudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu ana miaka 4. Nyanya yake mzaa baba, ambaye ana kisukari, aliona sisimizi wamekusanyika chooni pale mtoto alipokojoa, akasema hii ni sukari. Tukampima kwa mashine ya nyanya: jioni alipotoka chuoni (chuo cha Qur'ani) ilisoma 9.4, na asubuhi kabla ya chai ilisoma 6.3. Babake asema tumpunguzie vitamu, Maulidi yakipita, wiki mbili zijazo, ndipo tumpeleke hospitali, kwani mtoto anacheza na anakula vizuri, tena kuliko zamani. Mimi silali. Je, ni kisukari? Ni mimi niliyemharibu kwa halua na mahamri? Na kama ndicho, mwanangu ataishi kwa sindano?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu.

Mpeleke leo. Ukisoma haya usiku naye amelala na anapumua vizuri, basi kukicha, kabla ya shule na kabla ya chuo. Mengine yote nitakayoandika hapa unaweza kuyasoma mkiwa mmekaa kwenye foleni.

Sisemi hivyo kwa kuwa nimekwisha kuamua kwamba anacho. Nambari ulizoniandikia haziniruhusu kusema anacho, wala haziniruhusu kusema hana. Lakini swali lako lina jibu, na jibu lenyewe hupatikana kwa tone la damu na mkojo kidogo kwenye kikombe, kazi ya nusu saa. Kukaa wiki mbili na hofu ambayo nusu saa ingeimaliza ni kujitesa bure. Na ikiwa hofu yako ni ya kweli, wiki mbili ni nyingi mno kwa mtoto.

Namwelewa babake. Amemwona mamake akiishi na sukari miaka na miaka, anameza vidonge vyake, anakunywa chai kavu bila sukari, na harusini haachwi nyuma. Kwa hiyo anaupima ugonjwa wa mwanawe kwa kibaba cha ugonjwa wa mamake. Shida ni kwamba haya ni maradhi mawili yaliyopewa jina moja. Kisukari cha watu wazima huingia polepole, na wengi hukaa nacho miaka bila kujua. Kinachowapata watoto zaidi ni kile tunachokiita aina ya kwanza. Hapo kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, inaigeukia kongosho na kuziua seli zinazotengeneza insulini. Mauaji hayo huendelea kimyakimya kwa miezi, wakati mwingine miaka. Dalili zikishaanza kuonekana, seli zilizobaki ni chache, na kutoka hapo hadi hatari ni siku au wiki.

Wewe ni mtu wa Amu, kwa hiyo nikueleze kwa mambo ya bandarini. Chukulia jahazi limetia nanga na shehena tele ya unga na mchele, lakini siku hiyo hakuna mchukuzi hata mmoja wa kuipandisha mjini. Shehena inaonekana, mji una njaa. Sukari iliyomo ndani ya damu ndiyo shehena, insulini ndiyo wachukuzi. Mtoto anakula, tena anakula kuliko kawaida kwa sababu mwili wake una njaa ya kweli, lakini chakula kinabaki majini. Ndiyo maana neno la babake kwamba "anakula vizuri" halinitulizi. Mtoto anayekula kuliko zamani na huku anakonda ndiye anayenitia hofu zaidi kuliko anayekataa chakula.

Na hapo kuna jambo hukuniambia: uzito wake. Usimtazame akiwa na kanzu, kanzu huficha. Mvalishe kaptura ya shule aliyoivaa muhula uliopita uone kama inakaa kiunoni. Mtazame mbavu na mashavu anapooga. Kama ana kadi ya kliniki au uliwahi kumpima karibuni, chukua nambari hiyo.

Shehena ikizidi bandarini, sehemu hutupwa. Figo huweza kuizuia sukari isitoke mpaka kiwango cha kama 10 kwenye damu (nambari zote hapa ni za kipimo cha mmol/L, kama za mashine yenu). Ikipita hapo sukari humwagika kwenye mkojo, na sukari haitoki peke yake, hukokota maji. Basi mtoto hukojoa sana, na kwa kuwa amekojoa sana huona kiu. Watu wengi hulipindua jambo hili. Hudhani anakojoa kwa kuwa anakunywa mno, kwa hiyo wanamfungia maji kuanzia magharibi ili asilowanishe godoro. Usifanye hivyo, nakusihi. Kama ni kisukari, maji ndiyo yanayomshikilia asikauke. Mwache anywe maji matupu kadiri anavyotaka. Ila usimpe soda, wala juisi, wala dafu, wala ule unga wa glukosi wa kopo ambao watu hununua dukani wakiona mtoto amelegea. Na kwa kukojoa kitandani asipigwe wala asiitwe kikojozi mbele ya nduguze. Mtoto wa miaka 8 aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani miaka minne kisha akarudia, huyo ana sababu, na si uvivu wa kuamka.

Sasa dalili ambazo zikitokea hata usiku wa manane utaamsha watu mwende hospitali. Anatapika. Tumbo linamuuma. Anapumua kwa kina na kwa haraka kama aliyetoka mbio, na hali amelala tu. Pumzi yake ina harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, au ya ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Analegea, anasinzia, unamwita anajibu kwa taabu. Mwili uliokosa shehena huanza kubomoa nyumba yake wenyewe upate kuni. Unachoma mafuta, na moshi wa kuni hizo ni asidi tunazoziita ketoni. Zikijaa kwenye damu, hizo dalili ndizo zinazofuata, na bila insulini na maji ya mshipani mtoto hufa. Hili halina tiba ya nyumbani, hata ya kusogezea muda tu.

Nitakukiria kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, niliwekewa mbele msichana wa miaka 6 aliyeletwa kwa boti kutoka kijiji cha mbali. Walisubiri maji yajae ndipo wakaweza kupita, wakafika alasiri. Anatapika, tumbo linauma, anapumua mbio. Nikapima malaria, hakuna. Nikasikiliza kifua, nikaandika homa ya mapafu, nikamtundikia dripu, tena ile yenye sukari. Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima wa zamu. Alikuja akabadilisha shuka mara ya pili akaniuliza, "Daktari, huyu midomo imekauka, macho yamezama, mbona anakojoa namna hii?" Mtoto aliyekauka kwa kuhara au kutapika hakojoi, mwili hubana kila tone. Huyu alikuwa amekauka na bado anafurika. Tukampima: 31. Alipona, alhamdulillahi, lakini saa tatu nilizompotezea bado nazihesabu. Tangu siku hiyo mtoto yeyote anayeletwa kwangu hajiwezi hupimwa sukari kabla sijakaa kitini.

Nimekupa kisa hiki kwa sababu moja ya vitendo. Ukifika dirishani usiseme "mtoto ana homa" au "mtoto halali." Sema hivi: "Ana kiu, anakojoa sana, amerudia kukojoa kitandani, naomba apimwe sukari sasa hivi." Ukianza na homa utapelekwa njia ya malaria, na njia hiyo ina foleni ndefu. Nyinyi wa mjini mna bahati, hospitali ya kaunti ya King Fahad ni mwendo wa miguu au wa punda. Wenzenu wa Faza, Siyu na Kizingitini hutazama kwanza maji kupwa na kujaa. Mwenye mtoto wa namna hii kisiwa cha Pate aanze safari na maji ya asubuhi, asingoje dalili za kutapika zimkute bahari imekauka.

Turudi kwenye nambari zako, kwa sababu najua umezitazama mara mia.

Vipimo tunavyotumia ni hivi. Mtoto akikaa usiku kucha bila kula, sukari ya asubuhi chini ya 5.6 ni ya kawaida. Kuanzia 7.0 ni kisukari. Katikati hapo ni kizani. Wakati wowote mwingine wa siku, 11.1 na zaidi pamoja na dalili kama za mwanao ni kisukari, na hakuna haja ya kungoja kipimo kingine. Kwa hiyo 9.4 ya jioni haijafika, na 6.3 ya asubuhi iko kizani.

Lakini nambari hizo zimetoka wapi? Mashine za nyumbani, hata zilizo nzuri, zinaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15 juu au chini. Hiyo 6.3 yako huenda ni 5.4, mtoto mzima kabisa, au 7.2, ambayo ni kisukari. Halafu, stripu za nyanya, vile vijikaratasi vya kuwekea damu, zina umri gani? Kikopo chake hukaa wazi? Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na stripu zikishaingia unyevu hudanganya upande wowote. Tena mtoto alikuwa ametoka chuoni, na sijaona mtoto anayetoka chuoni Amu bila kupita dukani. Kipande cha halua, ubuyu wa rangi, kaimati, chochote chenye sukari kikibaki kwenye ncha ya kidole kinahesabiwa pamoja na damu. Nimewahi kuona 16 ikashuka hadi 5 kwa kunawa mikono tu. Anawe kwa sabuni na maji, akaushe, ndipo achomwe.

Kuna la ajabu zaidi, nalo ndilo linalonifanya nisikae kimya. Nimekwambia figo humwaga sukari ikipita 10. Sasa mtoto anayekojoa usiku kucha kwa sababu ya sukari lazima awe anapita 10 kwa saa nyingi, na mashine yenu mara mbili haikuona hivyo. Kwa hiyo ama mashine imesoma chini, ama sukari inapanda saa nyingine ambazo hamkumpima, baada ya wali wa mchana kwa mfano, kwani mwanzoni mwa ugonjwa kupanda huanza baada ya chakula na asubuhi huchelewa. Ama tatizo si sukari hata kidogo. Na wale sisimizi wa nyanya usiwacheke, madaktari wa kale wa Bara Hindi walitumia sisimizi hao hao kuutambua ugonjwa huu. Kama kweli waliufuata mkojo, basi kuna saa ambayo sukari ya mtoto huyu ilipita 10. Lakini sisimizi wa chooni huja pia kwa mengine, kwa hiyo siwahesabu kuwa maabara. Kijiti cha mkojo hospitalini kitalimaliza suala hili kwa dakika mbili.

Ikiwa mlitumia sindano ya nyanya kumchoma mtoto, ile ile aliyokwisha kuitumia mwenyewe, usirudie, na umwambie mhudumu. Homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu kidogo sana isiyoonekana kwa jicho. Kila mtu na sindano yake, kila mara mpya.

Na kubwa kuliko hilo: kusiwe na mtu atakayejaribu kumpa mtoto dawa ya nyanya "kidogo tu." Baadhi ya vidonge vya kisukari cha watu wazima, kidonge kimoja tu kinaweza kuishusha sukari ya mtoto mpaka akapata degedege na kuzimia. Insulini yake pia kama anayo. Viwekwe juu, mbali na mikono ya watoto na mbali na mikono ya watu wazima wenye huruma.

Hospitalini watampima uzito, watachoma kidole, watachukua mkojo kutazama sukari na ketoni. Hana haja ya kukaa na njaa, mpe chai na mkate wake aende. Sukari ikiwa juu na ketoni zipo, atalazwa hapo hapo, na wakisema wanampeleka Mombasa usibishane nao. Ikiwa iko katikati, watachukua damu ya mshipani asubuhi nyingine, na huenda wakataka kipimo kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu nyuma. Kuanzia asilimia 6.5 kinaashiria kisukari. Hapo nina angalizo la kipwani: kipimo hiki hutegemea chembe nyekundu za damu, na mtoto mwenye selimundu (sickle cell), au aliyeongezwa damu karibuni, jibu lake halitegemewi. Tena kwa mtoto ambaye ugonjwa umemwingia ghafla huweza kutoka kizuri na hali mtoto anaumwa. Kwa hiyo HbA1c nzuri peke yake isikurudishe nyumbani ukiwa umetulia huku dalili zikiendelea.

Na kama sukari ni safi na mkojo hauna sukari? Hapo mshukuru Mungu, lakini usiishie hapo, kwa sababu mtoto bado anakojoa. Selimundu niliyoitaja huharibu uwezo wa figo kubana maji, na watoto wengi wenye nayo hukojoa kitandani miaka mingi. Kuna maambukizi ya njia ya mkojo. Kuna kichocho, ikiwa likizo alikwenda kwa jamaa bara akaogelea kwenye ziwa au mto. Huyo mkojo wake mwishoni huwa mwekundu. Kuna choo kigumu, sababu ambayo wazazi hawaiamini kamwe: utumbo uliojaa hukandamiza kibofu. Na kuna jambo la moyoni, mtoto aliyehamishwa darasa, anayeonewa njiani, aliyefiwa. Daktari atakuuliza, nawe usione haya kujibu.

Umeniuliza kama ni wewe uliyemharibu. Hapana. Aina ya kwanza haisababishwi na halua, wala mahamri, wala chai ya maziwa yenye sukari. Angekuwa amekulia kwa mkate wa mofa na samaki tupu angeweza kuipata vile vile. Wala hakuirithi kwa nyanya yake, kwa maana ugonjwa wa nyanya ni mwingine. Watoto wengi wanaopata aina hii hawana hata jamaa mmoja mwenye nayo. Likithibitika, utaniuliza juu ya wale wengine watatu, basi nikujibu kabisa: kwa ndugu wa tumbo moja uwezekano ni kama mtoto 5 kati ya 100. Uko juu kuliko wa watu wengine, lakini walio wengi hawapati. Ukiwaona na kiu ya ajabu utajua la kufanya. (Kisukari cha watu wazima siku hizi tunakiona pia kwa vijana wanene wanaokaa tu. Huyu wako anayekimbia vichochoroni siku nzima sidhani ni wa kundi hilo.)

Kwa hiyo lile shauri la kumpunguzia vitamu lina ubaya gani? Halina ubaya kwa meno yake. Ubaya wake ni kwamba linaweza kushusha nambari kidogo, mkapumua, mkasema "tumeiweza," na kumbe wachukuzi wanaendelea kupungua bandarini. Kuacha sukari hakurudishi insulini.

Sindano sasa. Kama ni aina ya kwanza, ndiyo, ataishi kwa sindano, na sitaki kukuzungusha. Vidonge havifanyi kazi, kwa sababu insulini ikipita tumboni humeng'enywa kama nyama. Lakini zingatia neno ulilolitumia wewe mwenyewe: ataishi. Kabla ya insulini mtoto wa namna hii alidumu miezi, pengine mwaka au zaidi kidogo kwa kufungishwa njaa. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mtu wa kwanza kuchomwa, Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Aliishi miaka 13 zaidi kwa dawa ya wakati ule iliyokuwa ghafi. Leo wenye ugonjwa huu husoma, huoa na kuolewa, huzaa, na huzeeka. Sindano zenyewe ni nyembamba kuliko unavyodhani. Kidole cha kupimia humuuma zaidi kuliko paja la kuchomwa, watoto wenyewe wataniunga mkono.

Kitakachokuchosha ni hesabu, na utaizoea: kiasi cha wali, saa ya sindano, mchezo wa mpira ufukweni unaoishusha sukari. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mtoto hutetemeka, hutoka jasho, huwa mkali bila sababu. Hapo hupewa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, na baada ya dakika 15 anapimwa tena. Vitamu vitakuwa dawa siku hiyo. Mwalimu wa shule na mwalimu wa chuo wote wawili waijue hali hiyo, asije akachapwa kwa usingizi ambao si usingizi. Ramadhani isikutishe, hajabaleghe na funga haijamlazimu.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, kwani ikiganda imekufa. Chupa inayotumika huweza kukaa nje kama wiki nne ikiwa mahali hapazidi nyuzi 30, na wakati wa kaskazi nyumba zetu huzidi, hasa za bati. Asiye na friji hutumia mtungi wa udongo wenye maji, chupa ikiwa ndani ya kopo lililofungwa lisilopitisha maji. Unasaidia, ingawa kwa unyevu wa hewa ya pwani haupoi kama unavyopoa bara, kwa hiyo uwekwe kivulini penye upepo. Kwa gharama, ulizia kliniki ya sukari. Nchini Kenya kuna mpango unaowapatia watoto insulini na vifaa bila malipo kupitia baadhi ya hospitali za umma. Na jina la mtoto liwe kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hujaihitaji.

Kuna mtego mmoja nitakutahadharisha nao mapema, kwa sababu nimeona watoto wakinasa. Baada ya wiki chache za insulini, zile seli zilizobaki hupumzika na kurudi kazini kwa muda. Sukari hushuka, dozi hupunguzwa, mtoto ananenepa. Huweza kudumu wiki, miezi, hata kupita mwaka. Katika kipindi hicho hicho atatokea mtu na habasoda, shubiri, mlonge au majani ya mwarobaini, na dawa yake itaonekana imeponya. Watu wataacha sindano. Nao ule mzigo hurudi, mara hii kwa kishindo, na mtoto huletwa akiwa na ile pumzi niliyokueleza. Kombe, yale maji ya aya za Qur'ani, sikukatazi, na dua ya nyanya sikukatazi, mimi mwenyewe nimesomewa. Mtoto anywe kombe lake na achomwe insulini yake, siku ile ile, mkono huu na huu.

Mpe babake simu asome mwenyewe, usimfikishie kwa mdomo ikageuka ugomvi. Baba wa mtoto, Maulidi ni siku za watu wengi, halua kila nyumba, watoto hawaonekani kutwa nzima. Ni siku mbaya kuliko zote za kumchunga mtoto ambaye hujui hali yake. Mkimpima sasa akawa mzima, atayafurahia Maulidi nanyi mtalala. Akiwa anacho, atakuwa ameanza dawa.

Mwambie mtoto mnakwenda wapi na kwamba atachomwa kidole mara moja. Watoto husikia minong'ono ya watu wazima wakatunga yao, na wanayoyatunga huwa mabaya kuliko kweli. Beba mashine ya nyanya pamoja na kikopo cha stripu, wailinganishe na yao. Andika kwenye karatasi ameamka mara ngapi usiku wa leo. Na chukua chupa kubwa ya maji, atataka kunywa njiani.